Kuhesabu Ndege wa Kinamasi cha Mafunjo Nchini Uganda: Mwongozo Kamili

Ukiwa barabarani, kinamasi cha mafunjo huonekana kitupu: mashina marefu ya kijani, upepo, basi. Ndege wanaoonekana wako ukingoni, pale ng'ombe wanaponywea maji na mpunga ulipolimwa. Kwa hiyo wengi wanaokwenda kuhesabu hubaki hapo hapo, wakarudi na orodha ndefu ya yangeyange, bata maji na mnana, na wakaandika kwamba kinamasi chao kina ndege wa kila aina. Orodha huwa ya kweli, ila haisemi lolote kuhusu mafunjo. Karibu ndege wote hao wangeendelea kuwepo hata kama mafunjo yangefyekwa kesho.

Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Kati yao wapo wachache, hawafiki hata kumi, ambao maisha yao yamefungamana na mafunjo. Ukihesabu vibaya, hao ndio utakaowakosa, na ndio ambao kinamasi kikiharibiwa wataondoka kwanza. Mwongozo huu ni wa kikundi cha kijiji, klabu ya wanafunzi au waendesha mitumbwi wanaotaka kujua kinamasi chao kina nini, kwa njia ambayo mwakani mtu mwingine anaweza kuirudia na kulinganisha.

1. Chagua eneo, kisha omba njia

Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1988, ikaanza na Ziwa George. Leo ina maeneo 12 katika orodha hiyo ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ghuba za Mabamba na Lutembe kwenye Ziwa Victoria, Nabajjuzi karibu na mji wa Masaka, na maziwa ya Bisina na Opeta huko mashariki yaliingia mwaka 2006. Hayo tayari yana watu wanaoyafuatilia. Mimi ningekushauri uanze na bonde la nyuma ya shule yenu, lile lisilo na kibao wala mtalii. Huko kila unachoandika ni kipya, na ni rahisi kurudi mara nyingi bila nauli.

Kabla ya kutoa darubini mkobani, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema ardhi oevu zinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo kisheria kinamasi si mali ya mtu binafsi. Lakini wapo wenye magimbi humo, wenye tanuru za matofali, wenye mitego ya samaki aitwaye kamongo. Akitokea mgeni mwenye daftari anapima hatua, wazo lao la kwanza ni kwamba amekuja kuwafukuza. Waeleze mapema, na ikiwezekana mmoja wao aingie kwenye kikundi. Mkata mafunjo anajua ndege wanalala wapi kuliko kitabu.

Ziwani kuna jambo la ziada. Mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia sheria za uvuvi kwenye maziwa, na mtumbwi wenye watu wanaochungulia kwa darubini alfajiri hauwezi kupita hivi hivi. Pita mwaloni siku moja kabla, msalimie afande, mwonyeshe kitabu cha ndege, mwambie njia na saa mtakayopita. Kiswahili kinatosha kabisa hapo.

2. Gawa kinamasi vipande kabla ya kuhesabu

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama kazi yako itakuwa na maana. Kinamasi kimoja ni makazi kadhaa yaliyopakana, na kila moja lina ndege wake. Tembea mzunguko mzima mara moja bila kuhesabu chochote, ukiwa na karatasi na picha ya setilaiti kwenye simu, uchore mipaka.

Anza nje. Kuna mashamba ya ukingoni: mpunga, magimbi, malisho. Humo utakuta yangeyange wa ng'ombe, kwarara, na fundi chuma anayekanyaga matope kwa subira. Baada ya hapo mara nyingi huja nyasi fupi zenye maji ya kifundo cha mguu. Ukanda huu hudharauliwa, ndio wa kwanza kulimwa, na ndimo korongo taji hutaga. Kisha unafika kwenye ukuta wa mafunjo, mpaka wenyewe. Hapa ndege ni wengi sana kwa sababu wa pande zote mbili hukutana: mnana wanaofuma viota kwenye vichwa vya mafunjo, tipitipi mwenye kichwa cha buluu, mdiria mdogo mwenye tumbo la kutu.

Ndani ya mafunjo ni ulimwengu mwingine. Mashina hufika mita 4 au 5, mwanga ni hafifu, na chini mara nyingi si ardhi bali mizizi na mboji inayoelea juu ya maji. Usijaribu kuingia kwa miguu. Huko utahesabu kwa masikio ukiwa ukingoni au ndani ya mfereji wa wavuvi.

Upande wa ziwa kuna maji yenye majani yanayoelea, yungiyungi na gugumaji, ambako sile-maua hutembea juu ya majani kwa vidole vyake virefu mno. Mwisho ni maji wazi na matope: mnandi, mwari, buabua, shakwe, na kwazi juu ya mti mkavu.

Kila kipande kipe herufi, na kuanzia siku hiyo usiandike ndege bila herufi ya mahali ulipomwona. Ukisahau mengine yote katika mwongozo huu, kumbuka hilo.

3. Vifaa

Darubini ya 8x42, inayokuza mara 8, inafaa kuliko ya 10x42, kwa sababu mtumbwi unatikisika na kila mtikisiko unakuzwa pamoja na ndege. Daftari lenye jalada gumu na penseli, wino huyeyuka. Simu yenye GPS ndani ya mfuko wa plastiki. Kitabu chenye michoro ya ndege wa Afrika Mashariki. Gambuti, kwa sababu ya kichocho na ruba. Jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliye mtumbwini, hata anayejua kuogelea, na msikubali kuambiwa kwamba ghuba haina kina.

4. Saa na misimu

Uwe kwenye kituo chako cha kwanza saa 12:30 asubuhi, jua linapokaribia kuchomoza. Saa tatu za mwanzo ndizo za ndege wa mafunjo. Ikifika saa 4 wengi wamenyamaza, na kuendelea kuhesabu baada ya hapo ni kuandika ukimya wa joto ukidhani ni uhaba wa ndege. Ndege wa majini huvumilia zaidi. Kwa makundi yanayorudi kulala, keti kuanzia saa 11 jioni, jua likiwa mgongoni. Mchana wa Ziwa Victoria huwa na dhoruba za ghafla, kwa hiyo mtumbwi urudi kabla mawingu hayajajenga.

Fanya hesabu mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Januari wageni kutoka Ulaya na Asia wapo: kitwitwi kwenye matope, mbayuwayu, na buabua wa mabawa meupe ambao Lutembe hukusanyika kwa mamia ya maelfu. Wengi wao hufika kuanzia Septemba na kuondoka ifikapo Aprili au Mei. Julai inakuonyesha wenyeji bila wageni hao, na pia wageni wa ndani ya Afrika. Mbayuwayu wa buluu, ambaye yumo hatarini, huzaliana kusini mwa Afrika, kisha hukaa kwenye nyasi za bonde la Ziwa Victoria takriban Aprili hadi Septemba. Anayehesabu Januari tu hatamwona kamwe.

5. Kuhesabu kwenyewe

Kuna njia tatu, na kila kipande cha kinamasi kinataka yake.

Kwa maji wazi na majani yanayoelea, tumia mtumbwi. Zima injini, tumia upondo au kafi, na fuata ukingo wa mafunjo kwa mwendo wa pole usiobadilika. Watu watatu wanatosha pamoja na mwenye mtumbwi: mmoja anaangalia, mmoja anasikiliza, mmoja anaandika tu. Mwandishi asishike darubini, maana akishaishika haandiki. Hesabu walio mbele na pembeni. Ndege anayetokea nyuma na kuwapita usimhesabu, kwa kuwa huenda mlishamwandika.

Kwa ukuta na ndani ya mafunjo, tumia vituo. Weka kila kituo mita 200 kutoka kingine ili ndege mmoja asisikike mara mbili. Fika, kaa kimya dakika 2 ili walioshtuka watulie, kisha hesabu kwa dakika 10 kamili. Kila ndege mweke katika umbali wake: chini ya mita 25, kati ya 25 na 50, zaidi ya 50. Rudia kila kituo asubuhi tatu tofauti katika msimu mmoja, na siku ya pili anzia mwisho wa njia, la sivyo kituo cha mwisho kitapata jua kali kila siku na kuonekana maskini bila kosa lake.

Kwa makundi makubwa, acha kuhesabu mmoja mmoja. Hesabu 10 kwa uangalifu, ona wanachukua nafasi gani, kisha ujenge 100 kwa macho, na uitandaze 100 hiyo juu ya kundi zima. Watu wawili wafanye hivyo kila mmoja peke yake na waandike kabla ya kuambiana. Tofauti ikiwa kubwa, rudieni. Msikubaliane katikati kwa ajili ya amani.

Andika pia muda wa kuanza na kumaliza, upepo, mvua, kina cha maji, na vituo ambavyo hamkupata kitu. Sifuri iliyoandikwa ni taarifa. Nafasi iliyoachwa wazi haimwambii mtu wa mwakani kitu.

6. Wale wa mafunjo: jifunze kwa masikio

Anza na gonoleki wa mafunjo (Laniarius mufumbiri), kwa kuwa ndiye mwenye kelele na ndiye mzuri kuliko wote. Ni mweusi mgongoni, kifua chekundu cha damu, utosi wa dhahabu, na mstari mweupe kwenye bawa. Dume na jike huitikiana kwa haraka kiasi cha sauti mbili kuwa moja. Ukisikia wito na jibu mahali pamoja, andika jozi moja, usiandike ndege wawili wa maeneo mawili. Nje kidogo, kwenye vichaka, anaishi binamu yake, gonoleki wa kichwa cheusi, ambaye hana dhahabu utosini wala mstari mweupe kwenye bawa. Vikundi vipya humwandika huyu wa vichakani kuwa wa mafunjo na kufurahi bure.

Bradypterus carpalis ni ndege wa kahawia iliyokolea mwenye madoa kifuani na weupe kwenye bega la bawa. Utamwona mara chache. Wimbo wake ni noti zinazoanza polepole kisha zikaharakisha, na mwishoni husikika mtikisiko wa mabawa. Cisticola carruthersi, mdogo mwenye michirizi mgongoni, hukaa ndani ya mafunjo, wakati jamaa yake wa kawaida hupenda nyasi za ukingoni. Herufi ya kipande ulichoandika hapo ndiyo itakayokusaidia kuamua. Chiriku wa mafunjo (Crithagra koliensis) hujitokeza kwenye vichwa vya mafunjo na hata kwenye mashamba ya jirani. Na Calamonastides gracilirostris, mdogo wa manjano mwenye mdomo mwembamba, ni adimu. Usimwandike bila picha au sauti iliyorekodiwa.

Rekodini kwa simu, sekunde 30 kila mara, na mtamke jina la kituo mwanzoni mwa kila rekodi. Jioni sikilizeni pamoja. Lakini msipige sauti ya ndege kwa spika ili kumwita wakati wa hesabu. Itamvuta kutoka mbali hadi kituoni, itampotezea muda wa kulisha makinda, na hesabu ya mwaka huu haitalingana na ya mwaka ambao simu ilikuwa haina chaji.

Walio Teso na kando ya Ziwa Bisina wana bahati ya peke yao: Ploceus spekeoides, mnana wa manjano mwenye uso mweusi na mgongo wenye madoa meusi, ndiye ndege pekee wa Uganda ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Hupenda miti iliyo ndani au kando ya maji. Kundi lolote la viota vya mnana huko linastahili kuangaliwa kwa makini mara mbili.

7. Wanaochanganya

Yangeyange weupe wote si mmoja. Mdogo ana mdomo mweusi na vidole vya manjano. Wa ng'ombe ana shingo fupi na mdomo wa manjano. Mkubwa ana mstari wa mdomo unaopita nyuma ya jicho. Kinda wa sile-maua ni mweupe tumboni, na wengi humdhania sile-maua mdogo, ambaye ni wa kimo cha chini sana na huonyesha ukingo mweupe nyuma ya bawa anaporuka. Buabua wa Januari wamevua rangi zao za kuzalia: wa mabawa meupe huwa na doa jeusi nyuma ya jicho lililoshuka chini, na kiuno cheupe. Ukikosa hakika, andika "buabua, hakutambuliwa". Ni jibu halali.

8. Domo-kiatu na korongo taji

Korongo domo-kiatu, ambaye Waganda humwita bulwe, ndiye anayeleta watalii Mabamba. Zamani wavuvi wa huko waliamini kumwona ni mkosi wa siku nzima, wakamuua. Sasa wengi wao wanaishi kwa kumwonyesha. Husimama kwenye mifereji yenye maji machafu yasiyo na hewa ya kutosha, akimsubiri kamongo apande juu kuvuta pumzi. Akikatizwa, amepoteza labda saa nzima ya kusubiri. Mwambie mwenye mtumbwi mapema: "Mzee, tukimwona tusimame mbali, na tusimzunguke." Mitumbwi mingine ikiwa imeshamzingira, andika mahali na uondoke. Hulea kinda mmoja tu kwa kawaida, hata akitaga mayai mawili, kwa hiyo kiota kikiachwa hasara ni ya mwaka mzima. Msitangaze mahali pa kiota mtandaoni.

Korongo taji yuko kwenye bendera na bado anapungua; tangu 2012 amewekwa katika daraja la walio hatarini kutoweka. Julai na Januari hesabuni wakubwa na vifaranga kando kando. Jozi bila vifaranga miaka miwili mfululizo ni habari mbaya kuliko kundi dogo lenye vifaranga. Waulize wachungaji, kwa upole, kama kuna anayewachukua makinda kwenda kuuza.

9. Hesabu za mezani

Kwanza, kwa kila kipande, hesabu idadi ya aina. Kisha chora mstari: ziara kwa ziara, jumla ya aina zilizopatikana mpaka hapo. Mstari ukiendelea kupanda, hamjamaliza, ukilala, mmekaribia.

Pili, kipimo cha Shannon, kinachoonyesha aina ni nyingi kiasi gani na zimegawana vipi idadi ya ndege. Kwa kila aina, gawa idadi yake kwa jumla ya ndege wote; tuite p. Zidisha p kwa ln ya p, yaani logariti asilia (kitufe cha ln kipo kwenye kikokotoo cha simu ukiilaza ubavu). Jumlisha zote, ondoa alama ya kutoa. Mfano: ndege 100 wa aina 4, kila aina 25, jibu ni 1.39. Ndege 100 wa aina 4, aina moja ikiwa na 97 na nyingine tatu mmoja mmoja, jibu ni 0.17. Aina ni zile zile nne, lakini mahali pa pili pametawaliwa na aina moja.

Hapa kuna mtego ambao hata wenye shahada huingia. Ukilinganisha ndani ya mafunjo na mpunga wa ukingoni, mara nyingi mpunga utashinda kwa idadi ya aina na kwa Shannon pia. Kipimo hakitofautishi yangeyange wa ng'ombe, anayeishi popote penye ng'ombe, na ndege asiyeweza kuishi nje ya mafunjo. Mtu anaweza kuchukua jedwali lako na kusema kulima kinamasi kumeongeza ndege, na tarakimu zitamuunga mkono. Kwa hiyo jedwali liwe na safu ya tatu: aina ngapi za wategemezi wa mafunjo, jozi ngapi, vituo gani. Safu hiyo wekeni juu kabisa ya ripoti.

10. Peleka matokeo

Orodha kamili, zenye muda na umbali, ziingizeni eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya orodha za ndege. Ni bure na kila mtu ataziona. Shirika la NatureUganda huratibu hesabu za ndege wa majini nchini na hupokea watu wa kujitolea. Kujiunga nao msimu mmoja kutawafundisha mengi kuliko maandishi haya. Nakala ya karatasi ibaki kwa mwenyekiti wa LC1 na nyingine kwa ofisa mazingira wa wilaya. Februari 2 ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani, na hesabu ya Januari huwa imekamilika. Bandikeni jedwali shuleni siku hiyo.

Kwenye kila kituo pigeni picha nne, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kila msimu kutoka pale pale. Mkikuta mfereji mpya wa kukaushia maji au mafunjo yaliyochomwa, msigombane na mwenye jembe. Andikeni tarehe, GPS na umbali kutoka kituo cha karibu, mumpe ofisa mazingira pamoja na picha za msimu uliopita. Kituo kilichochomwa msikihamishe: endeleeni kukihesabu Julai na Januari kama vingine, muone nani anarudi na baada ya muda gani.